Laptopu kuukuu inaganda: ijue kasoro kabla ya kuipandisha boti

Maalim alikuja baada ya alasiri, laptopu kaitia ndani ya kikapu cha ukili pamoja na mkate wa mofa. Akaiweka juu ya meza yangu, akaifunua, akasema, "Mwanangu, jambo lako hili. Yanikodolea mato tu." Alikuwa na maana kwamba picha inabaki pale pale kwenye skrini, mshale hauendi, kibodi haiitikii. Vijana husema imehengi. Mimi husema imeganda.

Nilimwuliza tangu lini, nikaipima diski, nikaikuta ina dosari, nikaibadilisha. Baada ya wiki mbili akarudi na kikapu kile kile. Kosa lilikuwa langu: sikumwuliza inaganda saa ngapi.

Laptopu nyingi zinazofika kwangu hapa Langoni, Lamu, zina umri wa miaka minane, kumi, hata zaidi. Zimefanya kazi kwenye ofisi za watu, zikauzwa mtumba, zikavuka maji hadi kisiwani. Zina magonjwa ya uzee, na juu yake zina magonjwa ya hapa: chumvi, unyevu, mchanga na manyoya ya paka. Mtu wa bara mashine ikimsumbua huvuka barabara. Sisi tuipeleke Mokowe kwa boti, tuipakie basi, siku nzima njiani, kisha Mombasa tuambiwe "mazabodi imekufa", yaani ile bodi kuu ya ndani, na mtu ambaye hata skrubu moja hajafungua. Ndiyo maana nasema, fanya upelelezi wako kwanza.

Kabla ya yote, faili

Ikiwa bado inawaka, hata kwa dakika kumi kumi, okoa vilivyomo. Chomeka flashi au diski ya nje uanze na vile ambavyo havipatikani tena: picha za harusi, mitihani ya shule, hesabu za duka, stakabadhi za shamba. Filamu ziache.

Na usianze kwa kufomati. Najua ndiyo dawa ya kila kijana mwenye flashi ya Windows, na mara moja moja husaidia, maana draiva mbovu au virusi vyaweza kuigandisha mashine nzima. Lakini kufomati diski inayokata roho ni kumpandisha mgonjwa wa moyo ngazi za mnara mbio. Unailazimisha kuandika mfululizo, giga kwa giga, na yaweza kumalizikia hapo hapo na faili zako tumboni.

Imekufa ganzi, au inangoja?

Siku itakapoganda tena, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock uangalie kitaa chake. Kikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine ingali hai. Kuna kitu inakingoja, na mara nyingi kitu hicho ni diski. Kitaa kikikaa vile vile hata ubonyeze mara ngapi, imekufa ganzi. Hapo shuku RAM (vile vibao vya kumbukumbu ya muda), joto, umeme au mazabodi yenyewe. Kama laptopu yako haina kitaa hicho, jaribu Num Lock, au acha sauti ya mawaidha au muziki icheze ukiwa kazini. Sauti ikikwama kwenye silabi moja, drrrrrr, kama jogoo aliyekabwa koo, ni ganzi.

Kisha tafuta daftari. Kwa siku tatu nne, kila ikiganda, andika saa, ulikuwa ukifanya nini, ulikuwa umechomeka chaja au unatumia betri, na ilikuwa imekaa juu ya nini: meza, kitanda, mapaja. Mteja akiniletea karatasi hiyo nusu ya kazi yangu imekwisha.

Windows nayo huandika daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, ingia Windows Logs kisha System, tafuta saa ile iliyoganda. Ukiona chanzo kimeandikwa disk na namba 7 au 153, au namba 129 kutoka storahci, ambayo ni draiva ya diski, macho yaelekee kwenye diski. WHEA-Logger ni prosesa au mazabodi ikilalamika yenyewe. Ile Kernel-Power 41 inayowatisha watu haina siri yoyote: inasema tu mashine ilizimwa bila kuagwa, na mara nyingi aliyeizima ni wewe kwa kidole chako.

Mshale unatembea, lakini hakuna kinachofunguka

Hii ndiyo namna ya kawaida kuliko zote. Mshale unakwenda, unabofya folda, kimya. Kitaa cha diski kinawaka moja kwa moja bila kupepesa. Baada ya nusu dakika, au dakika mbili, kila ulichobofya kinafunguka kwa mpigo mmoja. Kinachotokea ndani ni kwamba diski imefika mahali pasipo kusomeka, inajaribu, inarudia, inajaribu tena, na Windows imesimama mlangoni ikingoja jibu.

Tega sikio kwenye pembe yenye diski. Diski ya kuzunguka isiyo na ugonjwa huvuma kidogo tu. Ukisikia "tik… tik… tik" kwa mpangilio, kama mtu anayegonga kucha mezani, izime sasa hivi na usiiwashe tena mpaka uwe na diski ya pili ya kunakilia.

Kama haigongi, weka CrystalDiskInfo, programu ya bure na nyepesi. Itakuonyesha rangi: buluu ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Shuka hadi mistari ya 05, C5, C6 na C7. 05 ni sehemu zilizoharibika ambazo diski imekwisha kuzihama. C5 ni zile inazozishuku na bado haijaamua. Namba ikiwa juu ya sufuri na inaongezeka wiki kwa wiki, diski ni ya kuaga. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C7 watu huipita, nayo ndiyo ya kuokoa pesa: ikipanda peke yake huku nyingine ziko sufuri, mbovu huenda si diski bali kebo au kiunganishi chake. Chomoa, safisha meno ya shaba, rudisha, angalia kama namba imesimama. Namba hiyo hairudi nyuma hata ukitengeneza, kwa hiyo usitarajie sufuri, tarajia isipande.

Ipo namna nyingine isiyohitaji kusoma namba. Toa diski kabisa, laptopu nyingi za zamani ni skrubu mbili na kifuniko kimoja chini ya tumbo. Tayarisha Linux Mint, mfumo wa bure wa kushika nafasi ya Windows, kwenye flashi ya giga 8, iwashe mashine kutoka humo bila diski ndani, iache icheze video saa tatu, wakati ule ule ambao huganda. Isipoganda, mazabodi, RAM na feni vimejitetea. Lawama ibaki kwa diski, kebo yake, au Windows. Ikiganda vile vile bila diski, acha kununua diski. Jaribio hili nalipenda kuliko yote kwa sababu halina gharama.

Ukibadilisha, weka SSD ya inchi 2.5. Haina sahani inayozunguka, na sisi hapa tunapanda boti na punda. Angalia unene tu: SSD nyingi ni milimita 7, na diski ya zamani huenda ilikuwa 9.5, kwa hiyo itacheza ndani ya nafasi yake ukiisahau ile fremu ya plastiki. Diski inayocheza hukwaruza kiunganishi, na hapo umejinunulia ugonjwa mpya.

Asubuhi ni nzima, mchana inaganda

Ukiwasha saa moja asubuhi inakwenda vizuri, ikifika saa saba saa nane mchana inaanza. Au inaganda ukifungua video, au ukiiweka kitandani. Hilo ni joto.

Lakini kuwa mwangalifu. Prosesa yenyewe ikipata joto huwa haigandi. Hupunguza mwendo ikikaribia nyuzi 100, na ikizidi huzima ghafla. Laptopu inayokwenda kama kobe mchana, kisha ikazima pu, ni joto la prosesa. Inayoganda na picha usoni kwa sababu ya joto, mara nyingi iliyochoka ni chipu ya picha au chipu jirani yake, ambayo haina mlinzi mwerevu kama prosesa. Dawa ya kwanza ni ile ile kwa zote mbili.

Jaribio la bure: inyanyue nyuma kwa vipande viwili vya mbao, elekeza feni ya chumba chini yake, fanya kazi kama kawaida. Ikiacha kuganda, umekwisha kujua. Ukitaka namba za joto, programu ya HWMonitor itakuonyesha. Ikiwa imetulia nyuzi 40 hadi 60 si tatizo hata kidogo, ikiwa kazini 80 hadi 90 ni ya kuvumilika kwa mashine ya umri huo. Ikiwa imetulia tu na inasoma 80, fungua.

Ukifungua, usidanganywe na feni safi. Uchafu hujificha nyuma yake, kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba. Juzi nilivua feni ya laptopu ya nyumba ya wageni kule Shela. Mapezi hayakuonekana. Palikuwa na kitambaa cha kijivu, kimefumwa kwa manyoya ya paka na mchanga mweupe wa vilimani, kizito kiasi kwamba nilikishika kwa koleo ndogo kikatoka kizima kama kipande cha busati. Hewa ilikuwa haipiti hata chembe. Mwenyewe alikuwa ameipuliza kwa blowa mara mbili kutoka nje, na kila alipopuliza alikuwa akilishindilia busati.

Ukipuliza, zuia pangaboi la feni kwa kijiti cha kiberiti lisizunguke. Likizungushwa kwa nguvu linaua bearingi. Kisha badilisha ile pesti ya kupitishia joto iliyokaa kati ya prosesa na bomba la shaba. Baada ya miaka hukauka ikawa kama chaki. Ifute mpaka chuma king'ae, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake, kidogo kidogo, si moja hadi mwisho ndipo nyingine.

Inaganda ovyo, haina saa wala sababu

Leo ukiandika barua, kesho ukiwa hujaigusa. Pengine na skrini ya buluu yenye maneno tofauti kila mara. Shuku RAM. Kama zipo mbili, toa moja, tumia siku nzima na iliyobaki, kisha badilisha, kisha jaribu kila nafasi. Ikiganda na moja tu, umemshika. Ikiganda na zote mbili lakini kwenye nafasi ile ile, mgonjwa ni nafasi.

Meno ya RAM yasugue taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, pangusa unga, rudisha mpaka vibano vilie "tak" pande zote mbili. Kwa uhakika acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikeshe usiku. Kosa moja latosha kuihukumu. RAM haina makosa ya kusamehewa.

Ukinunua nyingine, soma volti. DDR3 ya kawaida ni 1.5, DDR3L ni 1.35, na laptopu za Intel za kizazi cha 4 zinataka hiyo ya 1.35. Kwa macho zinafanana kama mapacha.

Inaganda ukichomeka chaja, au ukichomoa

Chaja hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo kupungua kwa stima si lazima kukuumize. Chaja bandia ndiyo adui. Pima mdomoni kwa mita: iliyoandikwa 19.5 isome karibu na hapo. Ikisoma sawa ikiwa peke yake, bado yaweza kuzama inapobebeshwa mzigo, kwa hiyo azima ya mtu iliyo halisi, yenye wati zile zile au zaidi, uitumie siku moja. Laptopu za Dell hujua chaja kwa kipini cha katikati. Kikivunjika, mashine hukataa kuchaji betri na kujipunguza mwendo, na mwenyewe akadhani imezeeka.

Betri ikitoka, itoe ufanye kazi na chaja peke yake. Ikiwa ya ndani, chomoa kiunganishi chake. Na kama kile kibao cha kuendeshea mshale kimeinuka, au mfuniko wa chini haufungiki vizuri, betri imevimba. Usiichome, usiibonyeze irudi, usiiweke juani. Itoe leo.

Ukiigusa pembeni tu, inaganda

Ukiinyanyua kwa pembe moja, au ukiegemeza kiganja upande wa kushoto. Yaani mazabodi inapinda na kuna lehemu iliyopasuka chini ya chipu. Baadhi ya laptopu za 2007 na 2008 zenye chipu za Nvidia, na MacBook Pro za 2011 zenye chipu za AMD, ziliugua hivi hata bila kuangushwa. Kuna wanaopiga chipu kwa bunduki ya joto ikapona. Hupona, wiki tatu, miezi miwili. Mimi humwambia mteja ukweli huo kabla, aamue. Kwa laptopu ya miaka kumi, pesa ya kazi hiyo ni afadhali uichangie kununua nyingine.

Asubuhi inaganda, mchana ni nzima

Sasa tumefika kwa Maalim, na kwenye ugonjwa ambao mafundi wa Nairobi huwa hawaniamini nikiwasimulia.

Aliporudi mara ya pili nikamkaribisha kiti, nikamwuliza nililopaswa kuuliza mwanzo. "Maalim, huganda saa ngapi?"

"Alfajiri. Naamka kutengeneza masomo kabla ya swala, huwa haifiki robo saa. Ikiwa saa nne huna utakaloniambia, yenda kama maji."

"Na huiweka wapi usiku?"

"Dirishani, mwanangu. Kwenye upepo isipate joto."

Nyumba yake inatazama bahari. Chumvi inayopeperushwa na upepo hutua ndani ya mashine kama vumbi jingine lolote, na ikiwa kavu haina madhara makubwa. Lakini chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, huanza kuvuta maji mpaka ikayeyuka. Usiku wa hapa, hasa masika, mara nyingi huvuka hapo. Kufika alfajiri, kati ya mguu mmoja wa chipu na jirani yake pana tone la maji ya chumvi lisiloonekana, na maji hayo hupitisha umeme. Mashine ikipata moto, jua likapanda, tone linakauka na ugonjwa unajificha. Kila siku shaba inaliwa kidogo.

Niliivua mazabodi, nikaishika chini ya taa, nikaigeuza taratibu. Kando ya nafasi ya pili ya RAM palikuwa na doa la kijani lenye buluu pembeni, si kubwa kuliko punje ya choroko. Nililipita mara ya kwanza kwa sababu C5 ya diski yake ilisoma 8, nikaona nimeshapata mwizi. Mashine kuukuu haikatazwi kuwa na maradhi mawili.

Kusafisha kwake: toa betri zote, hata ile ndogo ya saa, CR2032. Tumia aiso ya asilimia 99, ile alkoholi ya mafundi wa simu. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa haifai, ina maji, na nyingine imetiwa mafuta. Sugua kwa mswaki laini kwa mwendo mfupi mpaka kijani kitoke, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudia. Kisha iache ikauke chumbani, mbele ya feni, siku nzima. Si kwenye mchele, mchele utakuachia unga tu. Si juu ya paa kwenye jua, plastiki itapinda. Ikiwa mguu wa chipu umekwisha kulika ukakatika, hapo ndipo hadubini na lehemu vinahitajika, na hiyo ndiyo laptopu ninayoipandisha boti, na karatasi ndani inayomwelekeza fundi wa Mombasa doa liko wapi.

Ya Maalim ilikuwa haijakatika. Diski sikumrudishia pesa, kwani ile ya zamani kweli ilikuwa njiani kufa. Ila ufundi wa mara ya pili sikumtoza. Kabla ya kumwita, niliipeleka nyumbani, nikaiweka kwenye dirisha la ghorofani linaloelekea bahari, kusi ikivuma, imezimwa usiku kucha. Muadhini alipoanza nikaamka. Meza ilikuwa na umande, kidole kiliacha alama. Nikaiwasha, robo saa ikapita, nikabonyeza Caps Lock, taa ikawaka.